Mwizi Hupiga Hesabu, na Askari Vivyo Hivyo

Ndugu msomaji, tuanze na ng'ombe wawili. Mkulima mmoja wa Cheptiret, ambaye tuliwahi kumwakilisha katika kesi ya mpaka wa shamba, aliamka alfajiri akakuta zizi limevunjwa na ng'ombe wake wawili wa maziwa wametoweka. Alikwenda katika kituo cha polisi ambacho hatutakitaja. Akaambiwa gari halina mafuta. Akaulizwa kama ana mashahidi. Akaambiwa arudi kesho, na kesho yake akaambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu hakurudi. Tulipomuuliza sababu, alitujibu kwa hesabu wala si kwa hasira. Alitaja nauli ya kwenda na kurudi, pesa za kutia mafuta gari la serikali, na siku tatu za palizi zilizokwisha kupotea. Kisha akaipima jumla hiyo dhidi ya uwezekano wa kuwaona tena ng'ombe wake, ambao kwa maoni yake haukuwapo kabisa. "Wakili," akasema, "mwizi wangu aliipiga hesabu hii kabla yangu."

Tumeyatafakari maneno hayo kwa muda mrefu, kwa sababu mkulima yule, bila kujua, alikuwa amelieleza somo ambalo wanauchumi wa vyuo vikuu wamelifanyia kazi kwa zaidi ya nusu karne. Sisi tuliosomea sheria tumezoea kuuliza kosa ni lipi na adhabu yake ni ipi. Wanauchumi huuliza swali jingine: mwenye kutaka kutenda kosa anatarajia kulipa nini hasa? Maswali hayo mawili si mamoja, na tofauti iliyopo baina yake imeigharimu nchi yetu maisha ya watu wengi. Ndiyo maana tumeona vyema kuandika juu ya wanauchumi hao katika ukurasa huu wa mageuzi, japokuwa hawakuwa wanasiasa wala hawajawahi kusimama katika jukwaa letu.

Wa kwanza ni Gary Becker, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2014. Alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, siku moja alichelewa kwenda kumtahini mwanafunzi. Ilimbidi aamue upesi: alipe pesa aegeshe gari mahali panaporuhusiwa, au aliache kando ya barabara kinyume cha sheria na kubahatisha? Alikadiria uwezekano wa kukamatwa, akakadiria faini, akaliacha gari barabarani. Akiwa njiani alitambua kwamba wakubwa wa jiji nao lazima wafanye hesabu kama ile wanapoamua waweke askari wangapi na faini kiasi gani. Makala aliyoichapisha mwaka 1968 kuhusu uhalifu na adhabu ndiyo iliyoufungua uwanja huu wa elimu, na mwaka 1992 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Kiini cha fundisho lake kinaweza kuelezwa kijijini bila ubao. Uzito wa adhabu machoni pa mhalifu ni ukali wake ukizidishwa kwa uwezekano wa kuipata. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya inasema kwamba mwizi wa mifugo aweza kufungwa hadi miaka 14. Lakini kumi na nne mara sufuri ni sufuri. Mwizi wa Cheptiret hakuhitaji kusoma Columbia ili alijue hilo.

Becker mwenyewe aliandika kwamba mahakimu na watu wazoefu wa mambo haya huamini kuwa kuongeza uhakika wa kukamatwa hupunguza makosa kuliko kuongeza ukali wa adhabu, na utafiti uliofuata umezidi kuelekea upande huo. Je, sisi Wakenya tumefanya nini? Tumefanya kinyume chake. Kwa miongo mingi sheria yetu imeweka adhabu ya kifo kwa wizi wa mabavu. Mahakama zimeitamka hukumu hiyo mara maelfu. Mara ya mwisho kamba kutumika ni mwaka 1987. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwapunguzia wafungwa zaidi ya 4,000 hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha, na mwaka 2016 Rais Kenyatta akafanya hivyo kwa wengine zaidi ya 2,700. Hatuwalaumu kwa huruma hiyo, tunaiunga mkono. Tunalosema ni kwamba nchi iliyolazimika kuwapunguzia adhabu watu kwa maelfu ni nchi ambayo kitanzi kiliwatisha wachache mno. Na kila mwanasiasa anapopanda jukwaani kuahidi adhabu kali zaidi, anatuuzia bidhaa ambayo tayari imejaa ghalani.

Wa pili ametukaribia zaidi, kwa maana kazi yake ameifanyia huku kwetu. Edward Miguel alipata shahada ya uzamifu Harvard mwaka 2000, na tangu mwaka huo anafundisha katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Wengi wanamjua kwa utafiti wa dawa za minyoo katika shule za Busia, alioufanya pamoja na Michael Kremer na kuuchapisha mwaka 2004. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma ameitumia kuuliza kwa nini watu huua, huiba na huvunja sheria. Mwaka 2008 yeye na mwenzake Raymond Fisman waliikusanya kazi hiyo katika kitabu kiitwacho Economic Gangsters. Katika kazi yake tutachukua mafunzo matatu tu.

Fundisho la kwanza linatoka Meatu, nchini Tanzania, wilaya iliyokuwa wakati huo katika mkoa wa Shinyanga. Huko Miguel alichunguza mauaji ya watu walioitwa wachawi, ambao aghalabu walikuwa vikongwe wanawake waliouawa na jamaa zao wenyewe. Alizilinganisha hesabu za mauaji na hesabu za mvua. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2005 yanasikitisha: katika miaka ya ukame au mafuriko mauaji hayo yaliongezeka maradufu, lakini mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Njaa iliingia nyumbani, na mlo wa bibi ukaonekana mzigo. Tusidhani jambo hili ni la ng'ambo ya mpaka. Mei 2008 watu 11 walichomwa moto Kisii kwa tuhuma za uchawi, na Oktoba 2021 wanawake wanne wazee wakauawa vivyo hivyo huko Marani. Anayesema kuwa uhalifu ni kazi ya polisi peke yao hajaihesabu mvua. Pensheni ya mzee inayofika kwa wakati nayo ni ulinzi, na pengine ni ulinzi wa bei nafuu kuliko doria.

Fundisho la pili linatoka New York, na sisi mawakili twalipenda zaidi ya yote. Wanabalozi walioko Umoja wa Mataifa walikuwa na kinga: wangeweza kuegesha magari popote, wakapewa karatasi za faini, wakazitupa, na hakuna wa kuwagusa. Miguel na Fisman waliona kwamba hapo pana jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kulitengeneza. Watu kutoka karibu kila nchi duniani waliwekwa katika mji mmoja, chini ya sheria moja, bila adhabu yoyote. Kati ya Novemba 1997 na Novemba 2002 zilikusanyika faini zaidi ya 150,000 ambazo hazikulipwa, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 18. Wanabalozi kutoka nchi zenye sifa ya rushwa walivunja sheria zaidi. Wale wa Sweden na Norway karibu hawakuivunja kabisa, ingawa nao walikuwa na kinga ile ile.

Wapo watakaoishia hapo na kusema: tazameni, rushwa ni tabia yetu, imo katika damu, hakuna dawa. Wasiishie hapo. Novemba 2002 sheria ya Marekani iliupa mji wa New York uwezo wa kuyaondolea nambari za kibalozi magari yenye faini zaidi ya kiasi kilichowekwa. Makosa yakapungua kwa karibu asilimia 98. Watu walikuwa ni wale wale, wenye mila zile zile walizotoka nazo makwao. Kilichobadilika ni uhakika kwamba sasa watawajibishwa. Ndugu msomaji, tunakuomba uikumbuke asilimia hiyo kila utakapomsikia mtu akisema kwamba askari wa Kenya hawezi kubadilika.

Fundisho la tatu latugusa sisi wa Uasin Gishu moja kwa moja. Miguel alizilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, akachapisha matokeo mwaka 2004. Katika Busia, mahali palipokuwa na makabila mengi yaliyochanganyika palichangia shule kidogo zaidi. Huko Meatu, mchanganyiko wa makabila haukudhuru kitu. Sababu aliyoitoa ni siasa za kujenga taifa: lugha moja, shule zinazofundisha utaifa, serikali za mitaa zisizosimama juu ya ukabila. Katika utafiti mwingine alioufanya na Mary Kay Gugerty, walionyesha kwamba katika jamii zilizochanganyika za Kenya ilikuwa vigumu kumkemea asiyechanga. Jirani wa kabila lako ungeweza kumwaibisha; wa kabila jingine ulimwacha.

Sasa litazame fundisho hilo ukiwa umesimama Cheptiret, penye njia panda ya kwenda Kesses kwenye Chuo Kikuu cha Moi, kando ya barabara kuu inayotoka Nakuru kuja Eldoret na kuendelea hadi Malaba. Hapa hupita malori ya nchi tatu. Hapa wanakaa watu wa asili nyingi, nao hukutana sokoni na kwenye maziwa na mahindi. Na katika barabara hii hii, kule Burnt Forest, nyumba zilichomwa mwaka 1992 na zikachomwa tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, liliteketezwa likiwa na watu ndani. Wakenya wakauliza: polisi walikuwa wapi?

Jibu limo katika ripoti ambazo serikali zilizipokea zikaziweka kabatini. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya tangu 1991, ilieleza jinsi polisi na watawala wa mikoa walivyozembea na wengine kutazama tu. Ripoti yake haikutolewa kwa umma hadi mwaka 2002. Tume ya Jaji Waki ya mwaka 2008 ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Hebu isome tena hesabu hiyo. Zaidi ya theluthi moja ya waliokufa waliuawa kwa silaha ambayo mwananchi wa kawaida haruhusiwi kuwa nayo. Mwenye kiberiti alipiga hesabu akaona hatakamatwa. Na mwenye bunduki ya serikali naye alipiga hesabu akaona hataulizwa.

Hapo ndipo tunapofika katika jambo letu hasa. Wanauchumi wametufundisha kumtazama mwizi kama mtu anayepiga hesabu. Sisi wanamageuzi tunasema: mtazameni askari vivyo hivyo, na mtazameni aliyempa amri. Askari naye ana mshahara, ana nyumba inayovuja, ana mkubwa anayedai fungu lake, na ana uwezekano fulani wa kuadhibiwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Mstaafu David Maraga iliyaeleza matatizo ya maslahi yao katika ripoti ya Novemba 2023, nasi tunayaunga mkono madai ya mshahara na makazi bora. Lakini mshahara mzuri bila uwajibikaji hujaza upande mmoja tu wa mizani. Wanabalozi wa New York hawakuwa maskini.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Wale walioandamana Saba Saba mwaka 1990, wakati mkutano wa hadhara ulihitaji kibali na kibali kilitoka kwa yule yule aliyeogopa mkutano, hawakuwa na chombo chochote cha kumshtakia askari isipokuwa kwa askari mwenzake. Leo tuna Katiba ya 2010, tuna Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, na tuna Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka huo huo. Haya ni matunda ya mageuzi na tuyaenzi.

Hata hivyo, uwepo wa chombo si uhakika wa haki. Mwaka 2016 maafisa wawili walihukumiwa kwa kumuua msichana wa miaka 14 huko Kinango, Kwale, mwaka 2014. Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu ya kwanza kutokana na kazi ya IPOA, na chombo kilikuwa kimekwisha kudumu miaka kadhaa. Tangu hapo malalamiko yamefika kwa maelfu, nazo hukumu ni chache mno. Mwaka huo huo wa 2016 mwenzetu wakili Willie Kimani alitekwa pamoja na mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri, walipokuwa wakitoka Mahakama ya Mavoko tarehe 23 Juni. Kosa la mteja lilikuwa kuthubutu kulalamika kwa IPOA kwamba askari alimpiga risasi. Wote watatu waliuawa. Askari watatu na raia mmoja aliyewatumikia walipatikana na hatia tarehe 22 Julai 2022. Haki ilitendeka, nasi tunaiheshimu mahakama. Lakini ilichukua miaka sita, katika kesi iliyoliliwa na taifa zima na chama kizima cha mawakili. Ikiwa damu ya wakili ilingoja miaka sita, ng'ombe wa mkulima wa Cheptiret watangoja mingapi?

Kisha lipo suala la anayehesabu. Miguel asingejua lolote kuhusu Meatu kama angetegemea daftari la mkosaji. Kwetu, takwimu za uhalifu za kila mwaka hutolewa na polisi wenyewe, nazo huandikwa kutokana na makosa yaliyoripotiwa. Wale ng'ombe wawili hawamo, kwa sababu hawakuandikwa katika kitabu cha matukio. Wilaya ambayo watu wake wamekata tamaa ya kuripoti itaonekana kwenye karatasi kuwa na amani kuliko ile ambayo watu wake wanawaamini askari. Na pale marehemu wanapokuwa wameuawa na dola, hesabu hugeuka vita. Baada ya maandamano ya Juni 2024 kuhusu Mswada wa Fedha, Rais alisema kwenye mahojiano ya tarehe 30 Juni kwamba waliokufa ni 19. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikatoa hesabu yake: 39. Vijana ishirini wapo katika pengo la hesabu hizo mbili. Taifa lisilokubaliana juu ya idadi ya waliokufa litawezaje kukubaliana juu ya nani aliwaua?

Tunajua jibu ambalo wakubwa hulipenda: Nyumba Kumi, vikao vya usalama, polisi na jamii kunywa chai pamoja. Hatuvikatai vikao. Lakini mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio ya ulinzi shirikishi yaliyofanywa katika nchi sita, Uganda ikiwa mojawapo. Hayakupunguza uhalifu wala hayakuongeza imani ya wananchi kwa polisi. Kikao kisichoandamana na mabadiliko ya kweli katika kituo ni maneno matupu, na maneno matupu hayavunji mfupa.

Kwa hiyo tunatoa madai matatu, nasi tunawaomba wasomaji wayapeleke katika kila baraza na kila mkutano wa wagombea, wa chama chochote kile.

Kwanza, kila kituo cha polisi kibandike hadharani kila mwezi idadi ya matukio yaliyoripotiwa, yaliyochunguzwa na yaliyofikishwa mahakamani; na hesabu hizo zipimwe dhidi ya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba unaofanywa na watu wasio polisi. Chuo Kikuu cha Moi kiko mwendo mfupi kutoka soko la Cheptiret. Wahadhiri na wanafunzi wake wa uchumi wanaweza kutuhesabia ng'ombe wetu. Berkeley ni mbali.

Pili, malalamiko dhidi ya askari yawekewe muda wa kisheria wa kuchunguzwa na kuamuliwa, na IPOA ipewe fedha na wachunguzi wa kutosha nje ya Nairobi. Adhabu inayochelewa miaka sita haimo katika hesabu ya askari anayenyanyua bunduki leo.

Tatu, tuache kudai sheria kali zaidi kila damu inapomwagika. Tudai sheria zilizopo zitekelezwe kwa uhakika, kwa mdogo na mkubwa, kwa huyu wa kabila letu na yule wa kabila lao. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana linatutaka tumkemee hata ndugu yetu.

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kiburi cha kutokuadhibiwa nacho kilijazwa haba na haba: shilingi ya kizuizini, ripoti isiyoandikwa, risasi isiyoulizwa, kanisa lililoteketezwa. Kitatolewa kwa njia hiyo hiyo. Yule mkulima tumemshawishi arudi kituoni, safari hii pamoja nasi, adai tukio lake liandikwe na apewe nambari. Hatukumwahidi kwamba ng'ombe watapatikana. Tulimwahidi tu kwamba watahesabiwa.